Usiachie Mpaka Niseme

Nikiwaambia watu kwamba nilichezea raga timu ya chuo, hunitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha huuliza mwili huu ulikuwa ukikimbia vipi. Haukuwa ukikimbia. Katika miaka miwili niliyochezea chuo chetu cha Tororo niliushika mpira mara nne, na moja kati ya hizo nne mpira ndio ulionifuata ukanigonga usoni. Kazi yangu ilikuwa kusukuma.

Raga ina kitu kinachoitwa skramu. Wachezaji wanane wa timu moja hushikana, huinama na kukabana na wanane wa timu ya pili. Mpira huingizwa katikati, chini ya miguu, na wanaosukumwa nyuma huupoteza. Mbele kabisa hukaa watu watatu. Kulia nilikuwa mimi. Kushoto alikuwa msichana wa Kiteso ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika, hata siku aliyong'olewa jino. Katikati yetu alikuwa rafiki yangu, binti wa kutoka Mulanda, mwembamba kuliko sisi wote, aliyekuwa akisomea ushonaji.

Mtu wa katikati ana taabu yake. Mikono yake miwili imepita juu ya migongo ya wenzake, kwa hiyo hana mkono wa kujikinga. Ananing'inia kati ya watu wawili wakubwa na uzito wote wa mbele na nyuma unapita shingoni mwake. Mkono wake wa kulia ulizunguka mgongo wangu ukaikamata jezi yangu chini ya kwapa la kulia. Mimi nami nilimzungushia mkono wangu wa kushoto kiunoni. Nimeinama hivyo sioni kitu ila nyasi na viatu, na habari zote za rafiki yangu zilinifikia kupitia ngumi ile iliyoshika jezi. Akiwa na hofu, iliminya. Akiwa amechoka, ilivuta. Niliijua ngumi ile kuliko nilivyoujua uso wake.

Watazamaji hawakuyajua hayo, na nilikuwa nikikasirika sana. Anayekimbia na mpira hadi ng'ambo ya mstari ndiye huinuliwa mabegani na kuimbiwa. Hakuna aliyewahi kuinua mtu wa mstari wa mbele, na kusema kweli mimi wangeniweza wapi. Lakini mwalimu wetu, aliyefundisha uashi na aliyetoka upande wa Kenya, alikuwa akituambia jambo moja kila jioni. "Hawa watatu ndio msingi. Msingi hauonekani, lakini ukicheza nao nyumba inakuja chini. Na shingo ya mtu ikiuma, yeyote apige kelele aseme shingo, wote mpige magoti polepole. Hiyo haina mjadala."

Kusukuma nilifundishwa na baba, mtu ambaye hajawahi kutembea. Polio ilimnyausha miguu akiwa mtoto, na maisha yake yote amekuwa akivusha mizigo mpakani Busia kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Sukari, unga, sabuni, saruji, mafuta ya kupikia, vyote vinapangwa mbele na nyuma yake hadi haonekani. Baiskeli za namna hiyo zinahitaji mtu wa kusukuma nyuma. Tangu nikiwa darasa la tano, mtu huyo nilikuwa mimi. Tulitoka nyumbani Dabani alfajiri, na likizo nzima nilikuwa nimeinamisha kichwa nyuma ya magunia, mgongo umenyooka, nikitazama ardhi tu.

Kuna mwinuko mmoja mfupi kabla ya barabara kuu. Siku moja nilipokuwa mgonjwa, baba alimchukua kijana mwingine, na kijana huyo alipofika katikati ya mwinuko aliachia ili ajipanguse jasho. Mzigo ulirudi nyuma. Baba alitupwa mtaroni pamoja na sukari, akavunjika mfupa wa bega. Nilipomuona kitandani nililia kwa hasira, nikamlaani yule kijana na ukoo wake. Baba, ambaye huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, alinishika mkono akasema, "Mama, wewe nashika, usiachia mpaka mimi nasema tosha." Neno hilo sikulisahau. Au niseme nililishika nusu yake ya kwanza, maana kuachia ndiko kulikomvunja baba bega.

Chuoni nilimsimulia rafiki yangu habari hiyo, akaipenda. Tulikuwa na chombo cha mazoezi, mbao zilizopigiliwa matairi chakavu ya lori, na tulipokuwa tukikisukuma yeye ndiye aliyekuwa akisema tosha. Akisema, tunaacha. Ilikuwa rahisi. Matairi hayana haraka ya kushinda.

Timu tuliyoiogopa ilitoka chuo kimoja Busia ya Kenya. Walikuwa wametufunga kila tulipokutana, wakaimba mpaka wanavuka mpaka. Mwaka huo tulikuwa na skramu nzuri kuliko yao, na hicho ndicho kitu pekee tulichowazidi. Wakimbiaji wetu, Mungu awasamehe, walikuwa wanadaka mpira kama watu wanaofukuza nyuki. Na tatizo letu lilikuwa hili: watu waliofundishwa kukaa mbele tulikuwa watatu tu. Kanuni inasema mmoja wao akitoka na hakuna wa kumbadili, skramu zinakuwa za kugusana tu, hakuna kusukuma. Kwenye mashindano yetu, timu iliyosababisha hayo ilicheza na mtu mmoja pungufu. Kwa hiyo mmoja wetu akitoka, mechi imekwisha.

Ijumaa, siku moja kabla ya mechi, tulikuwa tunafua jezi nyuma ya bweni. Rafiki yangu alikuwa anakamua ya kwake na maji hayatoki. Aliijaribu tena, akaitupa kwenye beseni.

"Vidole yangu natembea siafu," alisema. "Hii mkono. Tangu Jumatano."

"Na shingo?"

"Shingo nauma kidogo tu. Usiambia mwalimu."

Nilimwambia ni lazima aseme. Nilisema mara moja, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetimiza wajibu. Alinikumbusha kwamba mwalimu akijua atamtoa, na akimtoa tumekwisha. Nikanyamaza. Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilinyamaza kwa sababu rafiki aliniomba. Si kweli. Nilifurahi aliponiomba, kwa kuwa nilitaka kushinda na sasa nilikuwa na ruhusa.

Niliikamua jezi yake mimi.

Jumamosi jua liliukausha uwanja ukawa mgumu kama sakafu. Watu walikuja wengi kutoka sokoni, wengine na bidhaa zao kichwani, na wale wa upande wa pili walifika na ngoma. Refa alikuwa mtu mfupi asiye na utani. Tulipojipanga kwa skramu ya kwanza, wa katikati wao, ambaye kichwa chake kilipaswa kuingia kati yangu na rafiki yangu, alitutazama akatabasamu. "Leo mtajua hamjui," alisema.

Refa akatuamuru tuiname, tushikane, tuingie. Tuliingia kwa kishindo. Ngumi chini ya kwapa langu ilikuwa imara, nikashukuru Mungu. Tuliwasukuma hatua tatu na mpira ukawa wetu. Nilipoinuka nilimuona rafiki yangu akiukung'uta mkono wa kulia kama aliyetoka kunawa na hakuna taulo.

Ikaendelea hivyo kipindi chote cha kwanza. Kila skramu nilikuwa nasikiliza mkono. Mara ya pili, imara. Ya tatu, imara. Ya nne nilihisi vidole vikitafuta jezi, vikiteleza, vikitafuta tena. Nilikuwa nikisukuma kwa hofu, na kila tulipoinuka salama nilijiambia moja tu, moja tu tena. Mapumziko mwalimu alitugawia vipande vya chungwa. Rafiki yangu alichukua chake kwa mkono wa kushoto. Mwalimu alikuwa akieleza jambo kwa wakimbiaji, hakuona. Mimi niliona, nikatazama kando.

Kipindi cha pili, baada ya skramu moja iliyoanguka, alichelewa kuinuka. Refa alimwinamia. "Uko sawa?"

Alitikisa kichwa kukubali, lakini polepole mno. Refa akageuka akanitazama mimi, niliyekuwa karibu. Hakuniuliza kitu.

"Yuko sawa," nilisema.

Zilipobaki dakika chache walikuwa mbele yetu kwa pointi tatu. Mpira ulitoka mikononi mwao hatua tano kutoka mstari wao, refa akatoa skramu, nasi ndio wa kuingiza. Tukiwasukuma hatua hizo tano na mtu wetu wa nyuma akaulalia mpira ng'ambo ya mstari, hiyo ni trai, ni pointi tano, tumeshinda. Kila mtu uwanjani alilijua hilo. Ngoma zilinyamaza. Mwalimu alikuwa amepiga magoti pembeni ameshika kichwa.

Nilimshika rafiki yangu kiunoni. Nilingoja mkono wake uje chini ya kwapa langu. Ulikuja, ukashika kwa kidole gumba na kimoja kingine.

Tuliingia. Wao walitukaba, nasi tukawakaba, tukawa hatuendi mbele wala nyuma. Jasho la watu wawili lilinitiririka usoni. Hapo ndipo mkono ulipoachia. Haukuchomoka kwa ghafla. Kidole kilitoka, kisha gumba, halafu kiganja kikabaki kimelala ubavuni mwangu. Mwili wake wote ulinijia kwenye mkono wa kushoto, mzito kama gunia lililolowa. Nikamsikia karibu kabisa na sikio.

"Tosha."

Nilisikia. Naliandika wazi ili asije mtu akanitetea. Yeye hakuwa na pumzi ya kupiga kelele, ila mimi nilikuwa nayo. Neno moja, shingo, na refa angepuliza filimbi, wote tungepiga magoti. Sikulisema. Nilikaza mkono wa kushoto, nikamwinua juu kwa kiuno ili miguu yake isilegee refa akaona. Nina nguvu ya kutosha kufanya hivyo. Msichana aliyenipungukia nguvu kidogo tu angemwangusha, na kuanguka kwake kungeisimamisha mechi.

"Tosha," alisema tena.

Mara nikahisi uzito wa mbele umepungua. Sikujiuliza kwa nini. Miaka yote nyuma ya baiskeli ya baba nilikuwa nimeujua uzito unapopungua. Ndipo mwinuko unapokaribia kuisha, ndipo unapotia nguvu yako yote. Nikatia yote. Hatua moja, mbili, nne, tano. Filimbi ililia, na kelele zikapanda kutoka kila upande.

Walimwinua yule aliyeulalia mpira. Niliwasikia wakimwimba wakizunguka naye uwanja. Mimi nilikuwa bado nimemshika rafiki yangu. Nilipolegeza mkono niligundua hakuna kitu kingine kilichokuwa kinamshikilia. Nilimlaza chini. Macho yalikuwa wazi, yakinitazama.

Mwalimu alikuja mbio. Alikataza mtu yeyote kumgusa, akatuma watu karakana wakang'oa mlango kwenye bawaba, tukamtelezesha juu yake kwa mikono kumi, na mlango ukabebwa hadi kwenye pikapu. Nilitaka kupanda nyuma, nafasi haikutosha. Nikabaki nimesimama na kiatu chake kimoja.

Wa katikati wao alinijia. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi na michirizi, na hakuwa akitabasamu tena.

"Alisema tosha," aliniambia. "Nilimsikia, alikuwa hapa kwa sikio yangu. Nikaambia wenzangu walegeze. Nilijua na wewe utalegeza."

Alisubiri nijibu. Akaondoka bila kunipa mkono, na katika raga kila mtu hupeana mkono.

Jioni hiyo mwalimu, aliyekuwa bado hajapata habari kutoka hospitali, alisimama mbele ya timu na kusema kwamba kwa miaka yote watu wanawapigia makofi wanaokimbia, lakini leo aliyetushindia mechi ni huyu wa kulia. Alinielekezea kidole. Walinipigia makofi, hatimaye. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia maji kwanza, ndipo nikasifiwa. Nilikwenda nyuma ya bweni, kwenye lile beseni, nikatapika.

Hakufa, na hakupooza. Alivalishwa kola ngumu ya shingo, na baada ya siku kadhaa akatembea. Lakini kidole gumba na viwili vinavyofuata vya mkono wa kulia havikufunga tena. Daktari alisema labda vitarudi, labda havitarudi. Fundi cherehani na vidole hivyo vitatu, mtu anaweza kufikiri mwenyewe.

Jumapili nilikwenda Dabani. Baba alikuwa nje ameilaza baiskeli ubavu, anatia mnyororo grisi. "Nasikia nyinyi nashinda," alisema kwa furaha. Nikakaa chini kwenye vumbi nikamweleza yote, tangu kukamua jezi.

"Yeye nasema tosha?" aliuliza nilipomaliza.

"Alisema, baba. Mara mbili."

Aliendelea kupaka grisi kwa muda mrefu kuliko mnyororo ulivyohitaji. "Neno ya kuachia ni ya mwenye kukaa mbele," alisema. "Si ya wewe."

Jumatatu nilimsukuma. Tulipofika katikati kabisa ya ule mwinuko, pale ambapo yule kijana aliachia, baba alisema, "Tosha." Nilidhani amekosea. Magunia manne ya saruji, mteremko nyuma yangu, nani aachie hapo? Nilikaza zaidi. "Tosha," alisema tena. Nilizidi kukaza hadi nilipogundua kwamba baiskeli haisogei kwa sababu alikuwa ameshakaza breki na kuifunga kwa kamba. Aligeuza shingo akanitazama juu ya magunia.

"Mama, mimi nasema tosha."

Hapo niliachia. Mikono ilikuwa mizito kutoka kwenye gunia, kama si yangu. Hakuna kilichorudi nyuma. Watu walitupita na mizigo yao wakitushangaa, naye akaniacha nisimame hivyo, mikono mitupu, mpaka nilipoanza kulia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi sikusikia na aliyevunjika ni mwingine.

Ilinichukua wiki tatu kufika Mulanda. Mama yake alinipa kiti na chai, akanishukuru kwa kuja, akaenda jikoni na hakurudi. Rafiki yangu alikuwa ameketi kwenye cherehani yake ya miguu, kola bado shingoni, na meza imejaa kitambaa cha buluu. Sare za shule ya msingi. Alikuwa amezipokea kazi hizo kabla ya mechi.

Nilimpa kiatu chake. Alikiweka chini ya meza.

"Wewe nasikia mimi siku ile?" aliuliza.

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno. Kelele zilikuwa nyingi, sikio lilikuwa limebanwa, jasho. Yote yangeaminika.

"Nilisikia."

Alitazama dirishani. "Mimi naomba Mungu kila siku," alisema, "naomba iwe hunasikia."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Tulikaa. Kuku aliingia, akatoka. Nilifikiri niondoke, nikaanza kuinuka, ndipo alipousukuma kuelekea kwangu ule mkasi mkubwa wa mafundi kwa kiganja cha mkono wake mbaya.

"Kushona nashona na kushoto," alisema. "Kukata siwezi. Wewe kata."

Alikunjua kitambaa, akakipiga chaki kwa mkono wa kushoto, mstari uliopinda kidogo. Nikaushika mkasi. Mikono yangu imezoea magunia na majezi. Nilikuwa naogopa kitambaa kile kuliko nilivyowahi kuogopa timu yoyote. Nilianza kukata. Chuma kilikuwa kikali, kikaenda vizuri, nikaanza kuzoea, nikaanza hata kuona raha, na mwisho wa mstari ulikuwa umebaki upana wa kiganja tu.

"Tosha," alisema.

Nilisimama hapo hapo, mkasi wazi, kitambaa kikiwa bado mdomoni mwake. Chaki ilikuwa inaendelea mbele. Hapakuwa na kosa lolote. Alikitazama kitambaa, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, na mkono wangu ukaanza kuuma kwa kukishikilia kile chuma bila kukifunga. Sikukifunga.

"Sasa endelea," alisema.